Bia ya kopo: namna ya kuichachusha na kuijaza chupani nyumbani

Ukiondoa kifuniko cha plastiki juu ya kopo la Coopers, moja ya makopo ya kimea kizito cha kutengenezea bia nyumbani, utakuta vitu viwili: pakiti ndogo ya chachu na maelezo ya kutengeneza. Chachu itunze. Maelezo yasome mara moja, chukua humo kiasi cha maji na cha sukari, halafu usiyasikilize tena yanapokutajia siku za kusubiri. Yameandikwa na anayeuza makopo, na muuza makopo hufurahi ukimaliza mapema ukanunue jingine. Bia ina wakati wake, na kipo kifaa cha bei ndogo kitakachokuambia wakati huo umefika.

Mwongozo huu unahusu seti ya kawaida inayouzwa Uingereza, kopo la kilo 1.7 linalotoa lita 23, kwa kuwa wengi wetu tulioko huku huanzia hapo. Aliyeko Marekani au Ujerumani atafanya kazi ileile.

Sheria, kwa ufupi. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia nyumbani mwaka 1963. Tangu hapo unatengeneza kiasi upendacho kwa matumizi yako, ila kuuza hata chupa moja ni habari nyingine. Marekani ilifuata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria inayoruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, na 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Kenya ni tofauti: sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka mtengenezaji awe na leseni, kwa hiyo anayefikiria kubeba seti kwenda nayo Kisumu aulize kwanza. Na popote ulipo, usiichemshe bia kuvuna mvuke wake. Huko ni kupika gongo, na Uingereza bila leseni ni kosa.

Wengine huogopa upofu. Vifo vilivyotikisa Kenya Mei 2014 vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli, alkoholi yenye sumu inayopofusha na kuua. Shayiri iliyochachushwa kwa chachu ndani ya ndoo haitoi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Bia ikikuharibikia itakuwa kali, itanuka, utaimwaga. Macho yako yatabaki salama.

Kilichomo ndani ya kopo

Ni kimea cha shayiri. Nafaka imeloweshwa ikaota, ikakaushwa, ikakamuliwa utamu wake kwa maji ya moto, kisha maji yakapunguzwa hadi ukabaki uji mzito wa kahawia unaovutika kama asali ya msimu wa baridi. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, zimeshatiwa, kwa hiyo uchungu umo tayari. Aliyekulia Kilimanjaro haoni jambo geni hapa: mbege nayo ina kimea, cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewe. Tofauti ni muda. Mbege hunywewa ingali inachacha, na siku chache baadaye imekwisha. Bia hii husubiriwa hadi chachu imalize kazi na kutulia chini, halafu inakaa chupani wiki nyingine kadhaa. Uchafu mdogo ambao mbege isingekuwa na nafasi ya kuuonyesha, hapa una mwezi mzima na zaidi wa kuzaliana.

Makopo mengi hukutaka uongeze kilo moja ya sukari. Ukitia sukari nyeupe ya dukani kilo nzima utapata bia, lakini nyepesi, isiyo na mwili, inayoisha mdomoni kabla hujaimeza. Mimi hupendekeza nusu kilo ya kimea cha unga (uji huohuo wa kopo uliokaushwa), kinachouzwa dukani palepale panapouzwa kopo, na nusu kilo ya glukosi. Gharama inapanda kidogo na ladha inapanda sana. Zipo pia seti za makopo mawili ya kilo 1.5 kila moja, ambazo hazitaki sukari yoyote hadi siku ya kujaza chupa. Kama mfuko unaruhusu, anza na hizo.

Vifaa

Seti ya kuanzia huwa na ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 25 hadi 30, kifuniko chenye tundu, kipumulio (kile kidude kinachotiwa maji kidogo ili gesi itoke na hewa isiingie), mwiko mrefu wa plastiki, kipimajoto, haidromita, mpira wa kuhamishia bia na mashine ya mkono ya kubana vizibo. Hakikisha haidromita imo, kwa sababu seti za bei ya chini huiacha. Ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maji matupu yenye nyuzi 20 husoma 1.000, maji yakiwa na utamu huelea juu zaidi na namba huongezeka. Chachu inapokula sukari, namba hushuka. Bila kifaa hiki unakisia, na makisio ya bia huishia na vioo sakafuni.

Ongeza ndoo ya pili, hata isiyo na kifuniko, kwa ajili ya siku ya kujaza. Ongeza pia kile kijiti cha kujazia chenye vali nchani, kinachoachia bia pale tu kinapogusa kitako cha chupa. Hiki nilikidharau nilipokiona dukani, na sasa nisingejaza chupa bila chenyewe.

Usafi

Kuna kusafisha, na kuna kuua vijidudu, na huwezi kuruka la kwanza ukaenda la pili, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu uliogandamana. Ndoo mpya au ya zamani, ioshe kwa maji ya moto na sodiamu perkaboneti, unga uleule ulio ndani ya dawa za kuondolea madoa ya nguo. Chagua usio na manukato. Loweka nusu saa, suuza. Tumia kitambaa laini au sponji. Ukisugua plastiki kwa steelwire utaacha mikwaruzo, na bakteria hujificha humo mahali dawa isipofika.

Kisha dawa. Zilizo rahisi kuliko zote ni zile za asidi zisizohitaji kusuuzwa. Star San, kwa mfano, huchanganywa karibu mililita 1.5 kwa kila lita ya maji, unapaka kila kitu, unangoja dakika moja au mbili, unamwaga, basi. Povu linalobaki halidhuru bia. Kama huna, klorini ya kawaida isiyotiwa manukato hufanya kazi, lakini lazima usuuze mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichanganye klorini na siki wala asidi yoyote kamwe. Hutoa gesi ya sumu.

Kila kitakachogusa mchanganyiko baada ya maji ya moto lazima kipite kwenye dawa: mwiko, kipimajoto, kifuniko, kipumulio na mpira wake, haidromita, na mkasi utakaokatia pakiti ya chachu. Pakiti yenyewe pia. Watu huitakasa ndoo kwa bidii halafu wakararua pakiti kwa meno.

Siku ya kuchanganya

Hakuna kupika kwingi hapa. Saa moja na nusu inatosha, na nusu yake ni usafi.

1. Shughulikia maji. Maji ya bomba ya miji mingi ya Uingereza yana klorini au kloramini, nazo zikikutana na kimea huacha ladha ya plasta ya hospitali. Ponda nusu kidonge cha Campden (dawa ya kuondoa klorini hiyo), koroga ndani ya maji yote utakayotumia, ngoja dakika chache.

2. Toa lebo ya kopo, liweke kwenye sinki lenye maji ya moto kwa robo saa ili kimea kilegee.

3. Chemsha lita mbili hadi tatu za maji, mimina kwenye ndoo, fungua kopo na umimine kimea chote. Suuza kopo kwa maji ya moto, ukilishika kwa taulo, na hayo nayo yaingie. Tia kimea cha unga na glukosi, koroga hadi kusiwe na bonge. Sukari isiyoyeyuka hulala chini na haidromita haitaiona.

4. Ongeza maji baridi hadi alama ya lita 20, pima joto, kisha malizia kwa maji baridi au ya moto mpaka ufike lita 23 na nyuzi kati ya 18 na 22. Julai na Agosti weka lita kadhaa kwenye friji tangu jana yake.

5. Koroga kwa nguvu, piga hadi povu lifunike uso mzima. Chachu inahitaji oksijeni kuzaliana, na huu ndio wakati pekee katika kazi yote unaporuhusiwa kuingiza hewa.

6. Chota sampuli, pima haidromita, andika namba. Kopo moja na kilo moja ya nyongeza katika lita 23 huwa karibu 1.040. Sampuli usiirudishe ndooni. Ionje: tamu, chungu kwa nyuma, karibu na togwa iliyosahau kuchacha.

7. Nyunyiza chachu juu, sawasawa. Funika, tia maji kwenye kipumulio, iache.

Kuhusu chachu. Angalia tarehe kwenye pakiti. Gramu 7 zilizo chini ya kifuniko zinatosha zikiwa hai, ila hujui kopo lilikaa ghala gani na kwa joto gani. Pakiti ya akiba ya gramu 11 hivi, kama SafAle US-05, ni bima nzuri. Hamira ya mkate itachacha pia, sikatai, lakini haitulii vizuri chini ya chupa na bia hubaki na harufu ya unga. Tena, usitishwe na neno "lager", bia inayochachushwa kwa baridi, kwenye kopo. Makopo mengi ya lager huja na chachu ya ale, bia ya joto la kawaida la chumba, inayotaka nyuzi 20, kwa hiyo huna haja ya kutafuta baridi ya nyuzi 12.

Joto

Kama ningeruhusiwa kusimamia jambo moja tu katika bia ya mtu mwingine, lingekuwa joto la siku tatu za mwanzo. Ladha nyingi mbaya ambazo watu hulilaumu kopo kwazo hutengenezwa hapo. Chachu ikifanya kazi juu ya nyuzi 25 hutoa harufu ya ndizi mbivu na ya rangi ya kucha, pamoja na alkoholi nzito zinazoumiza kichwa kesho yake. Ikiwa chini ya nyuzi 16 nyingi husinzia.

Tatizo ni kwamba chachu yenyewe huzalisha joto. Chumba kikiwa nyuzi 21, ndani ya ndoo siku ya pili inaweza kuwa 24 au zaidi. Bandika kipimajoto cha ukanda kwenye ubavu wa ndoo na ufuate hicho, usifuate cha ukutani. Inapopanda, simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivalishe fulana iliyolowa iguse maji, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Majira ya baridi tatizo hugeuka: nyumba nyingi za Uingereza huzima hita usiku na joto hushuka hadi 15. Kabati lililo karibu na boila, au mkanda wa umeme wa kuzungushia ndoo, humaliza shida. Blanketi husaidia kidogo mwanzoni wakati chachu bado ina joto lake, baadaye halina msaada.

Kwa aliyeko Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, ambako nyuzi 30 ndizo za kawaida na kupoza ndoo ni vita na umeme, ipo chachu ya kienyeji ya mashambani Norway iitwayo kveik. Aina ya Voss hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40, tena kwa kasi, na huacha harufu ya chungwa badala ya ile ya rangi ya kucha. Kwa joto la pwani sioni sababu ya kuhangaika na nyingine, mradi umeshajua sheria ya mahali ulipo inasemaje.

Chagua mahali penye giza na hewa inayozunguka. Ndoo moja hutoa zaidi ya lita 300 za gesi ya kaboni kwa wiki hiyo, kwa hiyo kabati dogo la chumba analolala mtoto silo.

Siku za kusubiri

Kati ya saa 12 na 36 utaona povu. Siku ya pili na ya tatu litapanda, la rangi ya malai lenye madoa ya kahawia, linuke, liache utando mchafu kwenye kuta za ndoo. Ni sura yake ya kawaida. Wageni wa kazi hii humwaga bia nzuri siku hiyo wakidhani imeoza. Likitaka kutoka kupitia kipumulio, ondoa kipumulio, kisafishe, kitie dawa, kirudishe.

Kipumulio kisipotoa mapovu, usihukumu. Kifuniko cha ndoo mara nyingi hakibani sawasawa na gesi hupita pembeni. Kikiendelea kutoa mapovu baada ya wiki mbili, nalo halithibitishi kitu: chumba kikipata joto, gesi iliyoyeyuka hutoka. Pima.

Usifungue ndoo kila jioni kuchungulia. Ngoja hadi siku ya kumi, chota sampuli kwa koki au kwa bomba safi, zungusha haidromita kidogo ili mapovu yaachie, soma. Rudia baada ya siku mbili, kisha tena baada ya mbili nyingine. Namba ikiwa ileile mara zote tatu, na ikiwa mahali inapotarajiwa, tuseme kati ya 1.006 na 1.012, chachu imemaliza. Karatasi ya kopo inaweza kukuambia siku nne hadi sita. Kweli, siku ya sita sukari nyingi imekwisha. Lakini chachu bado ina kazi: hunywa tena baadhi ya vitu ilivyovitoa yenyewe, vile vinavyonukia tufaha bichi au siagi. Mpe siku hizo. Wiki mbili ndooni ni kawaida, tatu hazidhuru.

Nguvu ya bia unaipata kwa hesabu rahisi. Toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131. Ikianza 1.040 ikaisha 1.008, tofauti ni 0.032, na jibu ni karibu asilimia 4.2. Sukari ya chupani itaongeza kama 0.3.

Namba ikikwama juu, mathalani 1.020, usijaze. Ipandishe ndoo hadi nyuzi 21 au 22, itikise kwa upole bila kuitibua hewa, ngoja siku nne. Isiposhuka, tia pakiti mpya ya chachu.

Chupa

Chupa za kioo cha kahawia za nusu lita zilizotengenezwa kubeba bia ndizo bora. Kahawia ina sababu: mwanga ukipita kwenye kioo cheupe au cha kijani hugusa uchungu wa hopsi na kuzalisha harufu ya kinyaa, ile unayoikuta kwenye bia iliyoachwa juani. Afrika Mashariki tumebahatika kwa chupa nzito za kurudishwa kiwandani, za Tusker, Safari na nyinginezo, ingawa kumbuka ni za amana na kiwanda kinazingoja. Huku Uingereza omba jirani anayekunywa ale, atakushukuru kwa kumpunguzia safari ya kupeleka vioo. Kataa chupa za kizibo cha kuzungusha, chupa za divai, na zozote za kioo chembamba. Hazikutengenezwa kwa presha hii.

Chupa za plastiki za soda zinafaa sana kwa mwanzo. Hubeba presha vizuri, hazipasuki vipande, na ukizibonyeza unajua gesi imefika wapi. Ziweke gizani, epuka zilizobeba soda ya machungwa kwa kuwa harufu haitoki, na ziandike ubavuni kwa herufi kubwa. Nyumba zetu hupitiwa na wageni wasiokunywa na watoto wanaofungua friji bila kuuliza.

Suuza kila chupa pale unapomaliza kuinywa. Iliyokauka na mashapo loweka kwenye perkaboneti usiku kucha, halafu itazame dhidi ya taa. Yenye doa jeusi lisilotoka, tupa.

Siku ya kujaza

Jana yake, kama unaweza, sogeza ndoo mezani taratibu ili mashapo yapate usiku wa kutulia tena. Tayarisha chupa 45. Kati ya lita 23 utajaza 42 hivi, nyingine ni za akiba. Zote zipite kwenye dawa na zichuruzike. Vizibo vilowe kwenye bakuli la dawa.

Sasa sukari ya gesi. Gramu 6 za sukari nyeupe kwa lita hutoa gesi ya wastani inayofaa ale; kwa lita 21 hizo ni gramu 126. Kwa glukosi ongeza sehemu moja ya kumi. Pima kwa mizani, usipime kwa kikombe. Chemsha sukari kwenye robo lita ya maji dakika tano, ipoze, mimina kwenye ndoo ya pili. Hamishia bia juu yake kwa mpira, ncha ya mpira ikiwa imezama chini ili bia izunguke na kujichanganya yenyewe bila kurusha matone. Kuanzia hapa hewa ni adui. Bia iliyopigwa hewa baada ya kuchacha huanza kuonja karatasi iliyolowa baada ya wiki chache. Ukishamaliza kuhamisha, koroga mara tatu nne, polepole, kwa mwiko safi.

Usianzishe mpira kwa kuunyonya kwa mdomo. Mdomo una bakteria wa kutosha kuchachusha maziwa. Ujaze mpira maji safi, ziba kwa kidole, shusha ncha, achia. Maji yatatangulia kwenye kikombe na bia itafuata. Ndoo yenye koki ni rahisi zaidi, ila kikombe cha kwanza kitakuwa mashapo matupu, kimwage.

Kama huna ndoo ya pili, tia sukari kavu ndani ya kila chupa, gramu 3 kwa nusu lita, ambayo ni kijiko cha chai kisichojaa. Inafanya kazi, lakini mkono huchoka, chupa moja hupata mara mbili na nyingine haipati kabisa. Hiyo iliyopata mara mbili ndiyo hupasuka.

Kijiti cha kujazia kiguse kitako, bia ipande kutoka chini. Ijaze hadi mdomoni. Ukitoa kijiti, bia itashuka na kuacha nafasi ya sentimita mbili au tatu, ambayo ndiyo inayotakiwa. Weka kizibo, bana mpaka mashine iguse shingo, igeuze chupa uone kama inavuja. Jaza angalau chupa moja ya plastiki hata kama nyingine zote ni kioo. Ibonyeze kabla ya kuifunga ili hewa itoke. Hiyo ndiyo itakayokusemea kwa niaba ya zote.

Kuiva

Wiki mbili za kwanza ziweke mahali penye nyuzi 18 hadi 22, gizani, ndani ya kreti yenye kifuniko au boksi nene. Friji wakati huu ni kosa: chachu italala na bia itabaki bila gesi. Ile ya plastiki ikiwa ngumu kama jiwe, zilizobaki ziko tayari kuhamia mahali pa baridi. Unaweza kuanza kuonja wiki ya pili. Bia ya rangi nyepesi huwa nzuri kuanzia wiki ya nne, nyeusi hutaka zaidi.

Ikiwa ile ya plastiki imevimba hadi kitako kimetokeza, au chupa moja ya kioo imepasuka, zipoze zote mara moja, kwa glavu nene na miwani. Baridi hupunguza presha. Zikishakuwa baridi kabisa, zifungue moja moja chini ya taulo, nje. Sababu huwa moja kati ya tatu: ulijaza kabla haidromita haijatulia, ulizidisha sukari, au kuna mdudu aliyeingia anayekula sukari ambazo chachu huziacha. Zikitoa povu kama chemchemi na ladha ni kali au ya siki, ni huyo wa tatu, na mpira wako ndio wa kwanza kushukiwa. Tupa mpira, nunua mwingine. Utando mweupe uliokunjamana juu ya bia ndooni ni habari hiyohiyo.

Zisipopata gesi kabisa baada ya wiki tatu, kwanza uliza chumba kina nyuzi ngapi, kisha zigeuze juu chini mara moja kuamsha chachu na uzirudishe kwenye joto kwa wiki nyingine. Mara nyingi ni hilo tu.

Chupa ikae friji siku moja au mbili kabla ya kufunguliwa, ikiwa imesimama, ili gesi iyeyuke na mashapo yagande. Mimina kwa mkupuo mmoja kwenye glasi kubwa au jagi, ukiinamisha taratibu, na uache kidole kimoja cha mwisho. Machicha hayo hayadhuru, ila yana ladha ya hamira na kuna matumbo hayapatani nayo.

Ukirudia

Kabla hujahamia kwenye nafaka na masufuria makubwa, jaribu kopo lilelile na hopsi za ziada. Gramu 25 hadi 50 za vidonge vya hopsi, Cascade kwa harufu ya balungi au East Kent Goldings ukitaka bia ya Kiingereza, zitie ndooni siku tatu kabla ya kujaza, baada ya haidromita kutulia. Uchungu hauongezeki sana, harufu hubadilika kabisa. Ziweke ndani ya mfuko wa wavu wa nailoni uliochemshwa, pamoja na gololi mbili za kioo zilizochemshwa ili uzame, la sivyo vipande vitaziba koki siku ya kujaza ukiwa na chupa arobaini zinakungoja.